Uzi: Gharama ya kilo moja kutoka shambani hadi sahanini, Dodoma na kanda ya kati. Tuiweke kwa hesabu

#1 MezaYaHesabu

Wakuu, salaam kwenu.

Kila mazungumzo ya chakula kanda ya kati huanzia kwenye mvua na kuishia kwa dalali. Mvua ni hoja kweli: Dodoma tuna msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hatufiki mbali zaidi ya milimita 500 na kitu hadi 600. Ila kuna jambo lililokaa katikati ya mvua na dalali ambalo halipigiwi hesabu: gharama ya kuitoa kilo moja shambani mpaka kwa anayeila. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayompangia mwenye shamba wa Chemba au Mpwapwa apande nini, na mtoto wake ale nini mwezi wa pili.

Chukueni kijiji kilichoko kilomita 35 nje ya lami. Bei ni za mfano, kila mtu aweke za kwake. Gunia la mahindi la kilo 100 sokoni ni 60,000. Sasa toa:

Gunia tupu 1,500
Kujaza, kushona, kupakia 1,500
Nauli ya gari 6,000
Kushusha na kupanga 1,000
Dalali 1,000
Ushuru wa asilimia 2: 1,200

Jumla 12,200. Mkulima anabaki na 47,800. Moja ya tano ya bei imeishia njiani.

Weka karanga zilizobanguliwa kwenye gari lilelile, kilo 100 kwa 2,500 kila kilo. Gunia, kupakia, nauli, kushusha na dalali ni 11,000 ileile. Ushuru kwa kiwango kilekile ni 5,000. Jumla 16,000 ndani ya 250,000, asilimia 6 na kidogo. Gari halijui limebeba nini, linajua uzito. Ndiyo maana viazi vitamu, maboga, muhogo mbichi na nyanya haviendi mbali hata vinapostawi, wakati karanga, ufuta na choroko hutoka hadi vijiji vya ndani kabisa.

Halafu njia ileile inayopunguza bei ya kuuza ndiyo inayoongeza bei ya kununua. Mahindi yanatoka kijijini kwa 478 kwa kilo. Yakihitajika tena Februari yanarudi na nauli yake, kwa hiyo hata kama bei ya soko haijasogea, duka la kijijini haliwezi kuyauza chini ya 720 hivi. Kaya inaishi ndani ya pengo hilo, kati ya 478 na 720. Ukiwa ndani yake, kulima chakula chako mwenyewe ni akili timamu hata kama ardhi yako haikitaki. Wanaosema kila mwaka "acheni mahindi, limeni ufuta mnunue chakula" wamjibu kwanza mkulima: anunue kwa nani, kwa bei gani, na korongo likijaa apitie wapi?

Wenye magari, wa vipimo, wa lishe, wa maghala, karibuni. Tafadhali tulete namba na namna ya kufanya.

#2 FusoTaniSaba

Mkuu, hiyo 6,000 ya nauli umbali ndani yake ni sehemu ndogo. Tuichambue.

Fuso ya tani 7 inabeba magunia 70 ya kilo mia. Ikiingia kijijini tupu, magunia 70 yanalipia safari mbili: ya kuingia na ya kutoka. Hapo tu nusu ya nauli imeshaondoka kwa kubeba hewa. Pili ni muda. Gari likizunguka kaya kumi na mbili kuokota magunia sita hapa, manne pale, siku imeisha na usiku linalala porini. Mzigo uleule ukiwa kwenye ghala moja unapakiwa kwa saa moja na nusu na gari linapata safari ya pili. Tatu ni springi na tairi, na hizo zinaliwa na mawe na mahandaki, si na kilomita. Ndiyo maana 35 za vumbi zinaweza kudai fedha inayokaribia ya kilomita 260 za lami kati ya Dodoma na Morogoro.

Kwa hiyo utaratibu unaoshusha nauli ni huu. Kusanyeni kwanza, itisheni gari baadaye. Ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), darasa lililoachwa, hata uwanja wa nyumba moja yenye paa la bati, ilimradi magunia yamekaa juu ya chaga na yamepimwa. Mpigieni dereva mkiwa na namba kamili: "magunia 68, kilo 100 kila moja, yameshonwa, yako sehemu moja, siku ya Jumatano." Halafu ongeeni na wenye maduka ya hapo kijijini: saruji, bati, chumvi, sabuni, mbolea vyote vije na gari hilohilo. Dereva akiwa na mzigo wa kuingia, nauli ya kutoka inazungumzika.

Kwa walio karibu na barabara kubwa kuna nafasi nyingine. Malori yanayoleta nyanya na viazi Dodoma kutoka Iringa kupitia Mtera mengi hurudi mepesi. Mwenye karanga au mafuta ya alizeti ya kupeleka Iringa ayatafute alfajiri yanaposhusha soko la Majengo. Bei ya mzigo wa kurudi hukubaliwa kabla gari halijafagiliwa. Likishageuza, umechelewa.

#3 GengeLaNkuhungu

Swali kwa wataalamu wa nyanya. Kwenye matenga kumi, mawili ya chini yanafika uji. Hasara hiyo inapandishaje bei ya rejareja, na kuna namna ya kuizuia bila kununua vifaa vya gharama?

#4 BustaniNaSoko

Dada, hesabu yake inauma kuliko inavyoonekana. Ukinunua kumi na yakafa mawili, manane yaliyobaki lazima yalipie kumi. Kumi gawanya kwa nane ni 1.25. Hasara ya moja ya tano imepandisha bei kwa robo nzima, kabla hujaweka faida. Mlaji wa Nkuhungu anailipa robo hiyo, mkulima haioni kabisa.

Kinachoua nyanya ni uzito wa wenzake. Tenga la mbao linalobeba kilo 40 hadi 50 lina kina kirefu, za chini zinabeba zote za juu, na kila shimo la barabara ni nyundo. Kreti ya plastiki ya kilo 20 hadi 25 inapangika vizuri kwa sababu uzito unabebwa na kuta za kreti, si na nyanya. Tatizo la kreti ni kurudi: lazima zirudi tupu kwa mwenyewe, na nauli ya kreti tupu ni gharama. Nunueni za aina inayoingiana zikiwa tupu, kumi tupu zikae kwenye nafasi ya kreti nne.

Bila kreti: vuneni zinapoanza tu kugeuka rangi, si nyekundu kabisa. Vuneni asubuhi umande ukishakauka. Wekeni kivulini saa mbili tatu joto la shamba litoke kabla ya kupanga. Msizioshe. Kagueni kingo za mbao, msumari mmoja uliojitokeza unatoboa nyanya ishirini na maji yake yanaozesha tenga zima. Tandikeni nyasi kavu chini na pembeni. Jazeni mpaka vidole vitatu chini ya ukingo, kwa sababu tenga lililojaa hadi juu likipandiwa lingine ndipo kifo kinapoanzia.

Na tenga lenye kilemba, yaani lililorundikwa kupita ukingo, halifai hata kidogo, ila hilo ni la mwenzetu wa vipimo.

#5 VipimoKwanza

Naam, tufike kwenye lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa sababu inazungumzwa sana kama tabia mbaya na haizungumzwi kama matokeo ya namna tunavyotoza.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, iko wazi: gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wanakamata, wanatoza faini, na lumbesa inarudi wiki ijayo. Inarudi kwa nini? Angalieni gharama za #1. Kushona ni kwa gunia. Kupakia ni kwa gunia. Nauli ni kwa gunia. Kushusha ni kwa gunia. Dalali ni kwa gunia. Sehemu nyingine hata ushuru wa geti unahesabiwa kwa gunia. Kila mtu akitoza kwa kichwa cha gunia, mnunuzi mwenye akili atataka vichwa vichache vikubwa. Kwenye 11,000 ile, gunia la kilo 130 linamwokolea mnunuzi karibu robo ya gharama kwa kila kilo. Hapo bado hatujagusa kilo 30 ambazo mkulima hakulipwa.

Za mkulima ni hivi: ukiuza kilo 120 kwa bei ya 100, umetoa kilo moja kati ya kila sita bure. Hakuna ushuru wa halmashauri yoyote unaofika hapo.

Debe nalo lina mambo yake. Debe la lita 20 la mahindi makavu likipimwa kwa mfuto linakaribia kilo 15. Likirundikwa kilemba linafika 17 au 18. Likiwa limegongwa likatanuka kitako, ongeza. Kwa hiyo "gunia la debe sita" linaweza kuwa kilo 90 au kilo 108, na wote wawili wakaapa kuwa ni debe sita. Kwa alizeti ndiyo kabisa, mbegu zake ni nyepesi, gunia lililojaa ni kilo 60 hadi 65 tu. Anayekuambia gunia ni gunia anakupunja kwenye zao moja au jingine.

Dawa yake: mzani mmoja wa kuning'iniza wa kilo 150 au wa jukwaa, wenye stika ya uhakiki ya mwaka huu, ukae kwenye kituo cha kukusanyia. Kabla ya kupima, anzeni na sifuri, halafu pimeni kitu mnachokijua, mfano mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, kilo 50. Gunia tupu lipimwe pia. Bei iandikwe kwa kilo. Na hili ndilo kubwa: wapakiaji, dereva na dalali nao walipwe kwa kilo au kwa tani. Siku nauli ikiwa ya kilo, lumbesa haina faida kwa mtu yeyote njiani, na mabega ya wapagazi yatapona.

#6 FusoTaniSaba

Naunga mkono #5 kwa upande wa magari. Magunia 70 ya "kilo mia" yakiwa lumbesa ya 130 ni tani 9.1 kwenye gari la 7. Dereva analijua hilo akifika mizani, na faini anairudisha kwa mkulima msimu unaofuata kwa jina la nauli.

#7 LisheKanda

Asanteni. Mimi nataka tuongelee sahani.

Vijiji vingi vya ndani havina soko la kila siku. Vina mnada au gulio la mara moja kwa wiki. Kwa hiyo swali la mlo halianzi na bei, linaanza na hili: kitu gani kitadumu siku saba mpaka gulio lingine bila friji? Jibu ni dagaa wakavu, maharage, vitunguu, chumvi, sukari, mafuta. Mchicha unadumu siku moja. Nyanya mbivu siku tatu. Ndizi mbivu na mapapai ndiyo hayo. Mchuuzi naye ana akili, hawezi kubeba kwa pikipiki kitu ambacho kisipoisha kufikia saa tisa alasiri anakimwaga. Anabeba vinavyorudi naye nyumbani salama. Matokeo yake ni ugali na mlenda, ugali na dagaa, miezi mfululizo. Nafaka inajaza tumbo kwa sababu ndiyo inayolimwa hapohapo, mboga na matunda vinakuja na mvua na kuondoka nayo. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, maji machafu na maradhi yakiwemo, lakini mlo wa aina moja umo.

Sasa njia za kupunguza uzito na kuongeza siku. Majani ya kunde, mlenda, majani ya maboga: chambua, osha, chovya kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika 2 hadi 3, ipua, chuja. Tandaza tabaka jembamba kwenye chekeche au wavu, kivulini penye upepo, funika kwa kitambaa chepesi dhidi ya inzi na vumbi. Jua kali la moja kwa moja linaharibu vitamini A, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa haraka ya kukausha. Ziko tayari zikivunjika mkononi. Zikijikunja bila kuvunjika, bado, na zikifungwa hivyo zitaota ukungu. Kilo kumi mbichi zinatoa takriban kilo moja kavu. Irudieni hesabu ya #1 sasa: nauli kwa kila sahani imegawanywa kwa kumi, na mboga inadumu hadi msimu ujao kwenye chombo kisichopitisha unyevu.

Ubuyu nao tunauchukulia kama kitu cha watoto. Una vitamini C nyingi, ni mkavu, mwepesi, hauozi njiani, na mibuyu tunayo. Unga wake kwenye uji, uwekwe baada ya kuipua ili moto usiuharibu.

Halafu mifugo. Mbuzi na ng'ombe ni mazao yanayojisafirisha kwa miguu hadi mnadani, ndiyo maana ndani kabisa ndiko kuna mifugo mingi. Lakini hiyohiyo ndiyo sababu wanauzwa badala ya kuliwa. Yai linaliwa nyumbani kwa sababu linavunjika njiani. Kuku watano na banda safi vinaleta protini ya uhakika zaidi mezani kuliko zizi la mbuzi thelathini.

#8 MwanauchumiBahi

Naheshimu uzi, ila tusije tukaamini kuwa nauli ikishuka mlo unapona wenyewe. Lami ikifika kijijini zinakuja nyanya, na pia soda, biskuti, unga uliokobolewa mweupe na mafuta ya bei rahisi. Mtama na uwele vinapoteza nafasi. Nimeona hoja hii haijaguswa.

Pili, pengo la 478 na 720 ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kutotabirika. Mkulima anaweza kuvumilia chakula ghali. Asichoweza kuvumilia ni kutojua kama Februari kitakuwepo. Hata barabara ikiwa nzuri, ataendelea na mahindi yake mpaka aone miaka mitatu minne duka halikuishiwa. Ushauri unaofuata akili yake ni huu: kwanza tenga eneo la kutosha nafaka ya kaya, kwa makadirio ya gunia moja kwa kila mtu kwa mwaka, na humo mtama au uwele uchukue angalau nusu kwa sababu ya ukame. Ekari zinazobaki ndizo za karanga, ufuta, alizeti. Usimwambie aanze na za biashara.

#9 LisheKanda

Mkuu, hoja ya pili nakubali yote. Ya kwanza nakubali nusu. Biskuti zilifika kabla ya lami. Ni nyepesi, haziozi, faida yake kwa kilo ni kubwa, pikipiki moja inabeba katoni kumi kwenye njia yoyote mbovu. Barabara mbaya haizuii soda na biskuti, inazuia nyanya na maziwa. Kwa hiyo njia ikitengenezwa, kinachopata nafuu kubwa kuliko vyote ni kile kinachooza. Mtama ni kweli unahitaji kupiganiwa: shida yake ni kukoboa na kusaga. Mashine ya kijiji yenye kinu cha kukoboa mtama ipo chache, na akina mama wanachagua mahindi kwa kuokoa saa mbili za kutwanga. Hiyo nayo ni gharama ya chakula kufika sahanini, ingawa haina risiti.

#10 GhalaKavu

Wote mmeongelea umbali wa barabara. Kuna umbali wa miezi. Kuuza Juni na kununua Januari ni safari pia, na nauli yake mara nyingi ni kubwa kuliko ya Fuso. Anayeuza magunia manane kwa 48,000 halafu akanunua manne kwa 72,000 amelipa 96,000 kwa kukosa pa kuweka magunia manne.

Kwanza ukavu. Nafaka ya kuhifadhi iwe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Bila kipimo, tumia chumvi: chupa ya kioo kavu kabisa, mahindi theluthi moja ya chupa, chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa dakika 3, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta, unyevu umezidi 15, rudisha juani. Isipoganda, bado uko chini ya 15 tu, kwa hiyo anika siku moja nyingine ndipo ufunge. Kosa la kawaida ni kutumia chumvi iliyolala jikoni ikanyonya unyevu. Ikaange kwanza, ipoe. Anikeni juu ya turubai, si juu ya udongo.

Pili dumuzi, yule ambaye vijijini anaitwa Skania. Mifuko ya kinga njaa yenye tabaka tatu inamuua kwa kumkosesha hewa, bila dawa yoyote. Pulizieni mfuko wa ndani hewa na kuuminya mkitafuta matundu. Ingizeni mfuko wa ndani ndani ya wa pili, mimineni nafaka safi isiyo na vipande vya bunzi, maana vinatoboa. Shindilieni kidogo kidogo hewa itoke. Acheni kilele cha sentimita 20 hadi 30, sokoteni, kunjeni, fungeni kwa mpira au kamba. Kisha mfuko wa pili peke yake, kisha gunia la nje peke yake. Watu hufunga yote matatu kwa fundo moja, na hapo ndipo hewa inapoingia. Wekeni juu ya chaga, mbali na ukuta, palipo na paka au mitego, panya akitoboa kazi imeisha. Mfuko wa kula fungueni mmoja mmoja; unaofunguliwa kila siku unaacha kuwa kinga. Ukitunzwa bila tundu unarudi kazini msimu mwingine hata wa tatu.

Tatu, na hapa naomba utulivu: sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara, kukiwemo Chemba na Kondoa, iliripoti wagonjwa 68 na vifo 20 vilivyotokana na sumu hii ndani ya chakula cha nyumbani. Mfuko hauondoi sumu iliyokwishaingia. Kupika hakuiondoi. Mlango wake mkubwa ni mahindi kupigwa na ukame shambani, kuanikwa chini, na karanga kulowekwa maji ili maganda yabanguke kirahisi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na aina ya B1 peke yake 5. Kwa mahindi kuna Aflasafe TZ01, kuvu wasio na sumu wanaowabana wale wenye sumu: kilo 4 kwa ekari, inamwagwa wiki 2 hadi 3 kabla ya kuchanua, udongo ukiwa na unyevu. Ukimwaga kwenye vumbi kavu umelisha ndege na mchwa.

Na sababu sumu haiishi ni ileile ya uzi huu. Mnunuzi akichoma bambo (chuma cha kuchukulia sampuli) kwenye gunia anaona punje, harufu na unyevu. Sumu haionekani, hivyo aliyekausha vizuri na aliyelowesha wanalipwa bei moja, na aliyelowesha ana uzito zaidi.

#11 KorongoNaKivuko

Nichangie upande wa ujenzi. Barabara ya kijiji haipimwi kwa wastani wake, inapimwa kwa sehemu yake mbovu kuliko zote. Kilomita 34 nzuri na korongo moja la mchanga ni sawa na barabara ya pikipiki, kwa sababu Fuso haitaingia.

Makosa tunayorudia: kuchonga barabara yote kwa greda kila mwaka, mvua ya kwanza inafuta, na korongo limebaki. Au kuweka kalvati dogo. Makorongo yetu huja na maji mengi kwa saa chache, yamebeba mchanga na magogo. Bomba linaziba, maji yanapanda juu, yanakata tuta pembeni, na msimu unaofuata kalvati limesimama peke yake katikati ya mto. Kwa korongo la namna hiyo jengeni kivuko cha zege kwenye usawa wa kitanda cha mto, maji yapite juu yake. Upande wa maji yanakoelekea wekeni ukuta wa kuzama ardhini na gabioni (mawe ndani ya vizimba vya waya), maana hapo ndipo maji yanapochimba na sakafu inavunjika. Miteremko ya pande zote mbili nayo iwekwe zege au mawe, lori hukwama likipanda mchangani, si likivuka. Simikeni nguzo za kupimia kina cha maji; yakipanda, subiri.

Kijiji kilichokuwa kinakatika wiki tatu Februari kitakatika saa chache. Fedha ya kuchonga kilomita zote itoke kwanza huko. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hupokea vipaumbele vinavyotoka kwenye mkutano wa kijiji kupitia kata, kwa hiyo andikeni jina la korongo na siku lililofunga njia msimu uliopita. Msiandike "barabara mbovu".

#12 UshuruNaStakabadhi

Fupi tu kuhusu ushuru. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiofika tani moja unaovuka halmashauri moja kwenda nyingine ukaachwa huru. Kiwango cha msimu huu kiulizeni halmashauri kabla ya kupakia. Ukishalipa mahali zao lilipotoka, dai stakabadhi ya mashine yenye uzito na zao, na dereva abaki nayo. Kinachogharimu zaidi getini ni masaa ya kusimama kwa kukosa karatasi, hasa kwa aliyebeba nyanya.

#13 MezaYaHesabu

Nashukuru sana. Naongeza la mbolea, maana barabara inampiga mkulima pande zote mbili. Msimu wa 2022/23 ruzuku ilishusha mfuko wa Urea wa kilo 50 hadi 70,000 dukani. Aliye mjini anayeuza mahindi 600 anaulipia kwa kilo 117 za mahindi. Wa kilomita 35 anaongeza bodaboda, tuseme 8,000, na mahindi yake anauza 478. Mfuko uleule unamgharimu kilo 163. Wataalamu wakikuta hatumii mbolea husema hana elimu. Mpeni kwanza hizo kilo 46. Mpaka hapo, samadi ya zizini, iliyooza vizuri, kiganja kimoja kila shimo, ndiyo inayomlipa.

Alizeti nayo mwenye kukamulia kijijini anashinda: gunia la kilo 65 linatoa lita 16 hadi 20 kulingana na mbegu na mashine, mashudu yanabaki kwa kuku na ng'ombe wa hapohapo, na kinachopanda gari ni madumu tu.

#14 GengeLaNkuhungu

La mwisho kutoka kwangu. Karanga: wa Mpwapwa au Kongwa azilete Dodoma zikiwa na maganda au zimebanguliwa?

#15 GhalaKavu

Dada, kilo 100 zenye maganda hutoa punje kilo 65 hadi 70, na magunia yake ni mengi kwa sababu maganda yamejaa hewa. Akisafirisha na maganda analipia nauli ya takataka kwa theluthi nzima. Lakini punje tupu zinaharibika upesi, zinanyonya unyevu na sumu inapata njia. Kwa hiyo azihifadhi ndani ya maganda, zikiwa kavu kiasi cha kugonga ndani ukizitikisa. Siku tatu nne kabla ya gari kuja abangue kwa mashine ya mkono, bila tone la maji. Chekeche ya mashine ilingane na ukubwa wa karanga zake, la sivyo zitapasuka, na zilizopasuka hushusha bei ya gunia zima. Achague zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, azifukie, wasipewe hata kuku. Ziingie kwenye gunia jipya la kilo 50 ambalo mtu mmoja anaweza kulishusha bila kulitupa.